Kumbukumbu za Wangari Maathai Nairobi

Kumbukumbu za Wangari Maathai jijini Nairobi ni alama za umma zinazomuenzi Profesa Wangari Muta Maathai (1940–2011), mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Miongoni mwazo mna miti, barabara, kona ya bustani na taasisi ya chuo kikuu. Kongwe zaidi ni miti iliyoko Eastlands, katika uwanja wa Kamukunji. Ilipandwa na Maathai mwenyewe na wenzake, wala haikukusudiwa kumkumbuka yeye. 

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya liliongoza maandamano kutoka jumba la mikutano la KICC hadi Kamukunji. Hapo ilipandwa miti saba kwa heshima ya viongozi wa kale wa jamii mbalimbali, akiwemo Wangu wa Makeri, mwanamke aliyekuwa kiongozi (headman) huko Murang'a. Upandaji huo wa harambee ndio uliozaa Green Belt, vuguvugu la Maathai la kupanda miti. Katika tawasifu yake ya 2006 Maathai aliandika kwamba miti miwili tu ndiyo iliyosalia. Kamukunji hukumbukwa zaidi kwa siasa, hasa mkutano wa Saba Saba uliozimwa kwa nguvu tarehe 7 Julai 1990, na kwa nyundo za mafundi wa jua kali. Miti haitajwi sana.

Nairobi imekuwa bahili kwa wanawake inapojenga kumbukumbu. Mitaa ya Eastlands imebeba majina ya wanaume: Ofafa, kwa Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka wa 1953, Mbotela, kwa Tom Mbotela aliyeuawa mwaka mmoja kabla, na Kimathi. Katikati ya jiji Dedan Kimathi alisimamishiwa sanamu mwaka wa 2007, na Tom Mboya mwaka wa 2011. Kwa miaka mingi sanamu ya mwanamke iliyojulikana zaidi mjini ilikuwa ya Malkia Victoria katika bustani ya Jeevanjee. Ilizinduliwa mwaka wa 1906 na kuvunjwa na watu wasiojulikana mwaka wa 2015.

Sifa za Maathai huanzia kwenye miti na mara nyingi huishia hapo, ilhali safari yake ilianzia darasani. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, tarehe 1 Aprili 1940, wakati ambapo msichana wa kijijini kukaa nyumbani lilikuwa jambo la kawaida. Kakake Nderitu ndiye aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama kaka zake, na mama akakubali. Kutoka shule ya Ihithe aliingia bweni la St. Cecilia katika misheni ya Mathari, kwa masista wa Consolata, kisha Loreto Limuru, alikomaliza mwaka wa 1959. Mwaka uliofuata alikuwa kati ya wanafunzi wapatao 300 wa Kenya waliopelekwa Marekani kwa mpango ambao Mboya aliupigania na ambao familia ya Kennedy iliufadhili. Alisomea biolojia Atchison, Kansas, akahitimu mwaka wa 1964, kisha akapata shahada ya uzamili Pittsburgh mwaka wa 1966.

Aliporudi Nairobi na barua ya kazi ya chuo kikuu mkononi, aliambiwa nafasi hiyo imepewa mtu mwingine. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, akamchukua katika idara ya anatomia ya mifugo. Uzamifu wake aliupata mwaka wa 1971. Mwaka wa 1976 akawa mkuu wa idara hiyo, na mwaka wa 1977, ule ule wa miti ya Kamukunji, akawa profesa mshiriki. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa ameshika vyeo hivyo katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Ndani ya chuo alipigana vita ambavyo hadithi ya miti imevifunika. Wahadhiri wanawake hawakupata marupurupu ya nyumba, matibabu na pensheni sawa na wanaume, kwani mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa ametunzwa na mume. Maathai na mwenzake Vertistine Mbaya, mtaalamu wa biokemia, walidai haki hiyo na hata kutaka kugeuza chama cha wafanyakazi wa chuo kiwe chama rasmi cha kutetea wahadhiri. Mwishowe chuo kiliwapa hao wawili masharti ya wanaume, lakini si wenzao. Ni ushindi wa ajabu kidogo: ubaguzi ulibaki pale pale, ila wale waliopiga kelele walinyamazishwa kwa kupewa walichokidai.

Elimu iliyoenezwa na Green Belt nayo ilikuwa ya wanawake wasio na vyeti. Maafisa wa misitu walisema kupanda miti kunahitaji mtu mwenye diploma. Wanawake wa vijijini wakaonyeshwa kutumia akili na desturi za shambani kwao: kukusanya mbegu za miti ya kienyeji, kuotesha vitaluni, kuhesabu miche iliyoshika na kulipwa senti chache kwa kila mti ulionawiri. Kufikia mwaka wa 2004, Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti iliyopandwa ilikadiriwa kuwa milioni 30.

Kumbukumbu nyingine za jiji zinahusu upande wake wa siasa. Freedom Corner, katika Uhuru Park, ndipo mama za wafungwa wa kisiasa walipogoma kula mwaka wa 1992, naye akawa nao hadi polisi walipowavamia tarehe 3 Machi. Bustani hiyo hiyo alianza kuipigania mwaka wa 1989 dhidi ya mpango wa kujenga humo jumba la ghorofa 60. Forest Road, inayopitia Ngara hadi Pangani, ilipewa jina lake mwaka wa 2016. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na mwili wake ukachomwa Kariokor. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, bila mbao.

Chuo Kikuu cha Nairobi kina historia ngumu zaidi naye. Mwaka wa 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na alipotaka kurudi kazini chuo kilikataa na kumtoa katika nyumba yake. Mwaka wa 2005 chuo hicho hicho kilimpa shahada ya heshima. Leo, katika kampasi ya Upper Kabete, iko Taasisi ya Wangari Maathai ya Amani na Mazingira.