Mawe ya Ujenzi ya Nairobi

Mawe ya ujenzi ya Nairobi ni miamba ya volkeno iliyolala chini ya mji mkuu wa Kenya na viunga vyake, nayo hukatwa, huchongwa na kupondwa kwa ajili ya kuta, misingi na barabara. Mji uliochipuka kwenye kambi ya reli mwaka 1899 ulianza kwa mbao na mabati. Mawe yalifuata upesi, maana hayakuhitaji kuletwa kutoka mbali.

Chini kabisa ya miamba hiyo ya volkeno mna miamba ya kale ya Ukanda wa Msumbiji, iliyogeuzwa na joto na shinikizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Juu yake ndiko ilikomiminika lava wakati Bonde la Ufa likipasuka upande wa magharibi. Fonoliti ya Kapiti, lava ngumu, ina umri wa miaka milioni 13 hivi. Ikafuatwa na majivu na matope ya ziwa ya Athi, ambayo leo ndiyo hazina kuu ya maji ya visima virefu vya Nairobi (maji yenye floridi nyingi, kama wengi wanavyojua kwa kutazama meno yenye madoa). Kisha ikaja fonoliti ya Nairobi, ya miaka milioni 5 hivi, halafu lava ya trakiti na majivu yaliyoshikamana yaitwayo tufu. Trakiti ya Limuru, iliyo changa kuliko hizo, ilifunika miinuko ya kaskazini-magharibi.

Mpangilio huo unaonekana hata kwa mtu asiyejua jiolojia. Ukitoka katikati ya mji, penye mita kama 1,660 juu ya usawa wa bahari, ukapanda kuelekea Kabete na Dagoretti, unapita mita 1,800 na udongo unabadilika rangi njiani. Magharibi trakiti na tufu zimeoza kwa mvua nyingi zikawa udongo mwekundu, wenye kina na usiotuamisha maji. Mashariki na kusini, juu ya fonoliti iliyo tambarare, maji hukosa pa kwenda na udongo huwa mweusi, wa kunata: huvimba masika, hupasuka kiangazi, na kuta hupasuka nao. Ndiyo maana mjenzi wa Embakasi, mashariki, huuzoa wote kwanza hadi afikie mwamba, gharama ambayo mwenzake wa Lavington, magharibi, haijui.

Jiwe lililoupa mji sura yake ni tufu, yaani majivu ya volkeno yaliyoshikamana yakawa mwamba. Tufu za Kerichwa zimepewa jina la vijito vya Kirichwa, vinavyopita Kilimani na Lavington. Tufu nzuri hukatika kwa msumeno wa mashine au kwa patasi na nyundo. Rangi yake ni kijivu au manjano iliyofifia, mara nyingi yenye michirizi ya kahawia iliyoachwa na chuma. Ukilitazama kwa karibu utaona vipande vya pumisi na vitundu vidogo, na humo ndimo maji ya mvua hupenyea ukuta usipopigwa lipu. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, linaonyesha jinsi mawe yaliyochongwa vizuri yanavyostahimili. Siku hizi mengi hutoka nje ya mji, hasa Ndarugu katika Kaunti ya Kiambu. Huuzwa kwa futi, na fundi huagiza kwa inchi: tisa kwa tisa kwa ukuta wa nje, sita kwa tisa kwa wa ndani.

Fonoliti haikubali kuchongwa. Ni ngumu, nyeusi-nyeusi, na hulia kama kengele ikigongwa. Basi hupondwa kuwa kokoto za zege na za barabara, kwa mashine au kwa nyundo mkononi kando ya njia.

Volkeno imeingia hata kwenye saruji. Kampuni ya East African Portland Cement ilianzishwa mwaka 1933 ikiwa na kinu katika Eneo la Viwanda, kikisaga klinka, yaani malighafi ya saruji iliyochomwa, kutoka India. Kiwanda cha Athi River kilianza kazi mwaka 1958. Mawe ya chokaa hutoka Kajiado, na majivu ya volkeno huchanganywa na klinka ili kupunguza gharama.

Lakini katika miamba hii ya volkeno mafuta na makaa ya mawe hayatarajiwi. Yanahitaji mabonde yenye mashapo mengi yaliyozikwa, kama Turkana, ambako kisima cha Ngamia 1 kiligonga mafuta mwaka 2012, au Mui huko Kitui kwenye makaa. Petroli ya Nairobi huja kwa bomba la kilomita zipatazo 450 kutoka Mombasa; bomba la kwanza lilianza kazi mwaka 1978.

Machimbo ya zamani mengi yamemezwa na mji. Jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, lilianzia kwenye shimo la mawe. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliyahesabu mawe, kokoto na mchanga kuwa madini ya ujenzi, yanayochimbwa kwa kibali.