Lugha ya Darasani Chini ya Rwenzori

Uchache wa wasomi katika vilima vya Bugoye na Bwera, magharibi mwa Uganda, huelezwa kwa uchache wa shule na ugumu wa milima. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu shule ilipowafikia Wakonzo, wenyeji wa vilima hivyo, iliwafikia kwa lugha ya jirani. Chini ya ufalme wa Toro, Kitoro ndicho kilichotawala darasani, kanisani na barazani. Mtoto aliyelelewa kwa Kikonzo kando ya mto Mubuku alifunguliwa kitabu ambacho hata sauti ya lugha yake inayoandikwa lh haikuwamo. Alipaswa kujifunza herufi na lugha ngeni kwa mpigo mmoja, na alipokwama alionekana mzito wa akili. Ladefoged, Glick na Criper walipochapisha utafiti wao wa lugha za Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970, lugha za kienyeji zilizokubaliwa shuleni zilikuwa sita tu, na Kikonzo hakikuwa mojawapo.

Waliotangulia kuona dosari hiyo ni walimu wenyewe. Isaya Mukirania, mwalimu wa shule ya msingi, aliongoza katika miaka ya 1950 chama cha kuchunguza historia na maisha ya Wakonzo. Hakuwa mtu wa chuo kikuu, lakini kukusanya kumbukumbu za wazee na kuziweka kwenye maandishi ni utafiti, tena wa kuheshimiwa. Kutokana na vuguvugu hilo ikazuka mwaka 1962 harakati ya Rwenzururu ya kujitenga na Toro, na lugha ya shule pamoja na nafasi za masomo zilikuwa miongoni mwa malalamiko yake. Wapo wanaosema lugha ilikuwa kisingizio, kwamba kilichogombaniwa ni vyeo na kodi. Vyeo viligombaniwa kweli. Ila karani au chifu alihitaji kusoma, na kusoma kulipitia Kitoro. Anayetenganisha mambo hayo mawili anakata mzizi na kubaki na shina.

Mabadiliko ya sera yalikuja kupitia mtaalamu wa elimu, William Senteza Kajubi wa Makerere, aliyejitolea kwa miaka mingi kufunza walimu na kutaka mafunzo yao yafungamane na maisha ya kijijini, kama ilivyojaribiwa katika chuo cha ualimu cha Namutamba. Tume ya elimu aliyoiongoza, iliyoundwa mwaka 1987, ilitoa ripoti mwaka 1989. Waraka wa serikali wa 1992 ukakubali lugha za wenyeji katika madarasa ya mwanzo, na mtaala wa 2007 ukaanza kulitekeleza hilo. Wazazi wengi wanapinga: mtihani wa darasa la saba ni wa Kiingereza, kwa nini kupoteza miaka mitatu ya mwanzo kwa lugha ya nyumbani? Nao mji wa Kasese, uliojazwa wageni na migodi ya shaba ya Kilembe, hauna lugha moja ya nyumbani. Hoja ya mji ina uzito wake mjini. Haiwezi kuamua mambo ya Bugoye, ambako watoto wengi huingia darasani na Kikonzo. Na aliyekwisha kujua kuunganisha silabi kwa lugha yake haanzi upya anapokutana na Kiingereza. Udhaifu uliobaki uko vyuoni: mwalimu hufunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hutarajiwa kufundisha kusoma kwa Kikonzo. Sera ya walimu ya 2019 inamtaka awe na shahada. Shahada hiyo itamfaa mtoto wa Bugoye pale tu ratiba ya chuo itakapokuwa na saa za kufundisha jinsi ya kufundisha Kikonzo.