Mkeka wa Ndugu na Chumba cha Kulipia: Malazi ya Vijana Wasafiri wa Kabongo

Kabongo, mji ulioko kaskazini mwa Kamina katika jimbo la Haut-Lomami, ulikuwa makao ya mmoja wa wafalme wa Waluba kabla ya kufikiwa na reli, na desturi yake ya kumlaza mgeni ni kongwe kuliko hoteli yoyote ya huko. Chini ya utawala wa Wabelgiji, hata hivyo, bei haikuwa swali la kwanza la kijana msafiri, kwani Mwafrika aliyetaka kukaa nje ya eneo la chifu wake kwa zaidi ya siku 30 alihitaji pasipoti ya uhamisho, yaani kibali cha serikali, na alipofika mjini mahali pake palikuwa katika mtaa wa Waafrika, uliotengwa na ule wa Wazungu.

Mwaka 1956 reli hiyo, ya Kamina hadi Kabalo, ilikamilika, ikaunganisha Katanga na njia iendayo Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, na tangu hapo malazi yakafuata ratiba ya treni. Kijana apelekaye mahindi au mawese Kamina huanza kwa kumtafuta ndugu, neno linalobeba ukoo mzima na hata mtu wa kijiji kimoja. Mkeka wa ndugu huyo hauna bei, lakini una gharama, kwa kuwa mgeni hafiki mikono mitupu, na baada ya siku mbili tatu hutarajiwa kuteka maji na kupasua kuni kama mwana wa nyumba. Wasichana, na wazazi wao zaidi, huthamini nyumba za wageni za misheni, ambamo kinachonunuliwa hasa ni lango linalofungwa usiku, na haki yao ya kulipia usalama huo haifai kuitwa anasa.

Kadiri shirika la reli la taifa, SNCC, lilivyodhoofika na treni kuchelewa hata kwa siku kadhaa, usiku mmoja wa kulipia uligeuka kuwa siku nyingi, na faida ya gunia ikaweza kuliwa na chumba kabla gunia halijauzwa. Kitanda chenye chandarua na ndoo ya maji ya kuoga humfaa aliyekwisha kuuza; ambaye hajauza hutandika kitenge juu ya magunia yake stesheni, akajifunga kamba ya mzigo mkononi, akalala.