Mnyauko wa migomba: namna Kivu ilivyojifunza kuokoa shamba bila gharama

Mwaka 2001, mnyauko wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza nchini Congo, huko Masisi, Kivu ya Kaskazini. Ethiopia iliujua tangu miaka ya 1960. Hauna dawa. Jamaa zilizotegemea ndizi kwa chakula, kasiksi na karo ya watoto zilibaki mikono mitupu.

Mwanzoni walimaji waliambiwa wang'oe mgomba pamoja na watoto wake wote. Kazi ilikuwa nzito, na shamba lilikaa miezi mingi bila mavuno. Wengi walikataa, ugonjwa ukaenea.

Baadaye watafiti walionyesha njia nyepesi: kata mgomba unaougua peke yake, mara tu dalili zinapoonekana, na urudie ukaguzi kila mara. Panga lipitishe motoni. Chana la mwisho likisha kutoka, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, kwa sababu wadudu hupitisha ugonjwa hapo. Hakuna cha kununua. Kinachohitajika ni majirani kufanya pamoja.

Ndugu wahami mnaorudi vijijini, msipande machipukizi ya shamba msilolijua. Mnyauko husafiri nayo.