Sambaza

Sambaza ni dagaa wa Ziwa Kivu, samaki mdogo wa rangi ya fedha anayeuzwa mbichi na mkavu katika masoko ya Bukavu. Wataalamu humwita *Limnothrissa miodon*. Ukoo wake ulitoka baharini zamani sana, ukazoea maji yasiyo na chumvi ya Ziwa Tanganyika, ambako samaki huyu huitwa lumbu. Katika Ziwa Kivu hakuwa mwenyeji: vifaranga vililetwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Ndagala, dagaa mwingine aliyeletwa pamoja naye, hakudumu.

Jina sambaza linatenganisha kundi, si spishi, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Mto Ruzizi hutoka Kivu hapo Bukavu na kuteremka kwa kasi kuelekea Tanganyika, kwa hiyo lumbu hawezi kupanda kuja kuchanganyika na sambaza. Kundi lililoanza na sehemu tu ya jeni za wazazi, likatengwa, hufuata njia yake kizazi baada ya kizazi. Udogo wa mwili peke yake hauthibitishi tofauti ya jeni, maana chakula na uvuvi pia hupunguza kimo. Jeni hupimwa maabarani. Anayeandika habari za uvuvi wa Kivu aandike sambaza, asiseme dagaa tu.