Haller Park

Haller Park ni hifadhi iliyoko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, Kenya, katika machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichoanza uzalishaji mwaka 1954. Uchimbaji wa mawe ya matumbawe uliacha mashimo ya mwamba mtupu, yenye maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kampuni hiyo, alianza kupanda miti humo. Mivinje ilistahimili, ila majani yake makavu hayakuoza, mpaka walipoletwa majongoo. Waliyatafuna, na kinyesi chao kikajenga udongo. Ni mfano bora wa kampuni kufufua ardhi iliyoiharibu, japo hauihalalishii kuchimba ovyo kwingineko.