Pedi za breki: Dalili za kuchakaa na wakati wa kuzibadilisha

MAGARI mengi madogo yanayoonekana katika mitaa ya Dar es Salaam, Arusha na Mwanza yalitumika kwanza nchini Japani kabla ya kuuzwa Tanzania. Mnunuzi huangalia rangi, husikiliza injini na hujaribu kiyoyozi. Ni wachache wanaoomba gurudumu lifunguliwe ili waone hali ya pedi za breki, ingawa ndizo zinazoamua kama gari hilo litasimama pale linapotakiwa kusimama.

Pedi ni kibati cha chuma kilichobandikwa tabaka gumu linalohimili joto. Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni, nayo hubana pedi mbili, moja kila upande wa diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano huo hugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na kila mara tabaka la pedi hupungua kidogo.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayopaswa kuondolewa na breki huongezeka mara nne. Ndiyo maana gari moja linapotoka kilometa 50 kwa saa hadi kilometa 100, kazi ya kulisimamisha huwa kubwa kuliko dereva anavyodhani. Aidha, gari linapopunguza mwendo uzito wake huelemea mbele, hivyo pedi za mbele huchakaa mapema kuliko breki za nyuma.

Hakuna idadi moja ya kilometa inayofaa kwa magari yote. Teksi inayoshinda katika foleni, ikisimama na kuondoka mara mia kwa siku, humaliza pedi haraka kuliko gari linalosafiri katika barabara tambarare ya mikoani. Kwa gari kuukuu ambalo historia yake haifahamiki, kipimo cha kuaminika ni unene wa pedi zenyewe.

Pedi mpya huwa na tabaka la milimita 10 hadi 12 hivi, bila kuhesabu kibati cha nyuma. Likibaki milimita 3, wakati wa kubadilisha umefika. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha mwisho kati ya milimita 1 na 2, lakini kusubiri hadi hapo ni kucheza na hatari, kwani tabaka jembamba hupitisha joto kwa urahisi kwenda kwenye pistoni na mafuta.

Dalili za kuangalia

Dalili ya kwanza ni mlio mwembamba wakati wa kukanyaga breki. Pedi nyingi zina kijibati kidogo kilichowekwa makusudi kigusane na diski tabaka linapokaribia kwisha. Mlio huo ni onyo la mapema. Hata hivyo, si pedi zote zina kijibati hicho, hivyo ukimya si uthibitisho wa usalama.

Mlio ukigeuka kuwa mkwaruzo mzito, maana yake mara nyingi ni kuwa tabaka limekwisha na chuma kinasaga chuma. Hapo diski nayo huharibika, na gharama iliyokuwa ya pedi pekee huwa ya pedi na diski. Waswahili walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dalili nyingine ni kupungua kwa mafuta ya breki katika chombo chake. Pedi zinapopungua, pistoni hujitokeza zaidi na mafuta huteremka kujaza nafasi hiyo. Kuongeza mafuta bila kukagua pedi, au bila kutafuta kama kuna mahali yanapovuja, ni kuficha ugonjwa. Gari likivutia upande mmoja, huenda pistoni au pini za kalipa zimeganda kwa kutu, jambo la kawaida kwa magari ya umri mkubwa. Usukani ukitetemeka wakati wa kufunga breki, diski ikaguliwe.

Wakati wa kubadilisha

Pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima, yaani kulia na kushoto kwa pamoja, ili gari lisiyumbe. Fundi anapaswa kupima unene wa diski, ambayo kikomo chake mara nyingi kimechongwa kwenye chuma chenyewe, kusafisha na kupaka grisi maalumu pini za kalipa, na kulinganisha pedi ya ndani na ya nje. Moja ikiwa imechakaa zaidi ya mwenzake, kalipa ina kasoro. Kuweka pedi mpya bila kuirekebisha ni kupoteza fedha.

Vumbi la breki halipaswi kupulizwa kwa upepo wa kompresa. Baadhi ya pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ikivutwa husababisha saratani. Kitambaa chenye maji ni salama zaidi.

Kabla ya gari kuondoka gereji, kanyagio likanyagwe mara kadhaa hadi liwe gumu, kwani pistoni zilizorudishwa nyuma huacha nafasi tupu. Dereva anayesahau hatua hiyo hukanyaga mara ya kwanza bila kupata breki. Katika kilometa 200 au 300 za mwanzo, inafaa kuepuka kufunga breki kwa nguvu isipokuwa kwa dharura, ili pedi na diski zizoeane.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na kiwango chake cha kuchemka hushuka. Katika mteremko mrefu kama Kitonga mkoani Iringa, mafuta yaliyozeeka yanaweza kuchemka na kanyagio likazama hadi sakafuni. Inashauriwa kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili, na kuteremka kwa gia ndogo badala ya kutegemea breki pekee.

Kwa mwenye gari kuukuu, ratiba rahisi ni kukagua pedi kila baada ya kilometa 10,000, kila tairi linapofunguliwa, na kabla ya kila safari ndefu. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na gharama yake hailingani na ya ajali moja.